Shukrani Kabla ya Leseni

Jumatatu, 8 Septemba

Mikanda tena. Asubuhi yote mikanda. Bibi Pushpa kavaa makoti mawili na shali juu yake, kumfunga ni kama kufunga godoro.

Kazi yangu ni msaidizi. Nawashika wazee mkono kutoka mlangoni kwao, nawapandisha garini, nawafunga, nakaa nao nyuma. Gurmit anaendesha. Tunawapeleka kituo cha wazee hapa Hayes, London, jioni tunawarudisha. Gurmit ni Singasinga wa Kisumu, alikuja huku kijana, Kiswahili hajakiacha. Anaendesha vizuri. Vizuri tu, si zaidi. Ile kona ya darajani anaikata mapema mno. Mimi nyuma huku nakanyaga breki ambayo haipo.

Anastaafu mwisho wa Novemba. Carol, bosi wetu, kaniambia kiti cha dereva ni changu nikipata leseni ya hapa kabla ya hapo. Nikikosa, atatafuta mtu mwingine. Ule mtihani wa maswali nimeshafaulu. Wa barabarani ni Alhamisi ya wiki ijayo.

Sina wasiwasi hata kidogo. Nimeendesha basi Arusha–Dar miaka sita. Basi la abiria, si kigari. Wapiga debe wa Arusha waliniita Mama Gia, na Gurmit tangu asikie jina hilo hana lingine la kuniita. Leseni yangu ya nyumbani hapa ilikubalika mwaka wa kwanza tu, na mwaka huo nilikuwa na mimba ya Lulu, natapika hata maji. Mwaka ukapita. Tangu hapo ni kupakiwa kama mzigo. Treni, basi, kiti cha nyuma. Imetosha.

Jumapili, 14 Septemba

Woolwich, ibada ya Kiswahili. Mchungaji akauliza nani ana hitaji la kuombewa. Wenzangu wakasimama na mahitaji yao, makaratasi ya uhamiaji, migongo, watoto. Mimi nikasimama na shukrani. Nikatangaza mbele ya wote kwamba Jumapili ijayo natoa shukrani kwa ajili ya leseni. Makofi. Vigelegele. Mama Joyce, mwenyekiti wetu wa akina mama, akasema pilau ni juu yake.

Baba Lulu akanitazama tu. Kwenye treni ya kurudi ndipo akauliza, kwa ule upole wake unaoudhi, kama isingekuwa vizuri nifanye mtihani kwanza. Nikamwambia ana imani haba. Yeye anaendesha kama amebeba trei ya mayai, na leseni anayo. Mimi nitashindwaje?

Alhamisi, 18 Septemba

Nimefeli.

Naliandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Nilianza vizuri. Mtahini mwanamume mrefu, hacheki, hana neno ila kushoto na kulia. Nyuma yangu kigari cheupe cha mizigo kina haraka, kinachungulia, kinataka kunipita. Mbele kona, na basi linakuja. Mkono ukaenda wenyewe. Nikawasha indiketa ya kulia.

Nyumbani kila dereva wa safari ndefu anajua. Ya kulia ni kumwambia wa nyuma akae, kuna gari linakuja. Ya kushoto, kweupe, pita. Ndivyo tunavyolindana njia nzima, kutoka Same mpaka Chalinze. Nimewaokoa watu kwa indiketa ile, na wengine waliniokoa mimi.

Huyu wa kigari cheupe akaona nakata kulia. Akanipita kushoto. Na kushoto kulikuwa na mwanamke kwenye baiskeli. Mtahini akakanyaga breki ya pili, ile ya upande wake, ili yule wa kigari apate pa kuingia, mwanamke akapanda na baiskeli yake njia ya waenda kwa miguu, akatutukana sote bila ubaguzi. Hakuumia. Asante Mungu hakuumia.

Mtahini akaniuliza nilikuwa nakata kulia kwenda wapi. Nikamweleza. Akasema hapa indiketa ni ya kuonyesha unakokwenda wewe. Kosa kubwa, mtihani umekwisha. Nikabishana naye mpaka kituoni. Mwalimu wangu wa udereva, ambaye gari ni lake, akaniambia hajawahi kuona mtu akifaulu kwa kubishana.

Nina hasira mpaka masikio yanawaka. Wao ndio hawaijui barabara.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimesema umeahirishwa. Baba Lulu nilimwambia jana jioni, Gurmit leo asubuhi, Mama Joyce kwa simu. Mtahini kaugua ghafla, nikasema. Nimemtia ugonjwa mtu mzima mwenye afya yake.

Mama Joyce kasema nyama imeshalala kwenye viungo, haiwezi kurudi. Pilau litaliwa kwa imani.

Jumapili, 21 Septemba

Sikwenda kanisani. Kichwa, nikasema. Baba Lulu karudi na kontena la pilau, limefungwa kwa karatasi ya foili, salamu kutoka kwa akina mama wote. Nimekula pilau la shukrani ya kitu nisichonacho. Lilikuwa tamu sana na sikulifurahia hata punje.

Lulu anajua. Majibu yalikuja kwenye barua pepe, na barua pepe yangu ni yeye anayeishughulikia. Alinisubiri jikoni. "Mum, just say you failed. It's not that deep." Eti niseme tu nimefeli, si jambo kubwa. Kiswahili anakielewa chote, anajibu hivyohivyo na Kiingereza chake. Nikamwambia aende akaoshe vyombo. Miaka kumi na miwili ya dunia hii na ananifundisha mimi.

Lakini ndiye aliyenitafutia tarehe nyingine. Foleni ya mtihani London ni ya miezi, yeye kila saa yuko kwenye simu anavizia nafasi ya mtu aliyejitoa. Kaipata. Oktoba.

Jumanne, 7 Oktoba

Somo na mwalimu. Nimeamua. Wanataka mtu asiyegusa kitu, nitakuwa mtu asiyegusa kitu. Sipigi honi. Simwashii mtu taa. Simpungii mkono mama mwenye mtoto. Nikiona gari nasimama, nikiona kivuli cha gari nasimama.

Mwalimu kauliza kama naumwa.

Gurmit leo tukiwa tunawasubiri wazee: "Mama Gia, kwani hiyo test yenu huahirishwa na nani, mvua?" Nikacheka. Kicheko kikavu. Mzee huyu mjanja.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimefeli tena.

Safari hii sikumpanga mtu. Hata mimi mwenyewe sikujipanga. Nilifika kwenye kipilefti kile kikubwa, magari yanazunguka, nikasubiri. Nafasi ikaja. Nikaiacha, labda si yangu. Ikaja nyingine. Nikaiacha. Nyuma wameanza kupiga honi, na Waingereza hawapigi honi ovyo. Mguu umekufa ganzi kwenye klachi. Mimi! Mimi niliyeingia Ubungo saa ya kutoka kazini na basi la watu sitini, nikapita kwenye upenyo wa mkokoteni!

Mtahini, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akaniambia mwishoni kwamba ningeweza kwenda mara nyingi, na kwamba kusita namna ile nako ni hatari. Sikubishana. Sikuwa na nguvu za kubishana. Nililia kwenye gari la mwalimu kama mtoto, akanipa tishu na kuangalia dirishani.

Ile ya kwanza iliniumiza kiburi. Hii imenitisha. Ya kwanza nilifeli nikiwa mimi. Leo nimefeli nikiwa sijui nani. Sasa nibaki na yupi?

Jumatano, 15 Oktoba

Carol kaniita. Hakuniuliza matokeo, na hilo ndilo lililoniambia kwamba anayajua. Kasema lazima aanze kutafuta watu, tangazo linatoka wiki ijayo. Nikipata leseni kabla Gurmit hajaondoka, bado ni mimi wa kwanza. Baada ya hapo hawezi. Ni mwanamke wa haki, sina la kumlaumu. Ndiyo inauma zaidi.

Jioni nikamwambia Baba Lulu. Nimefeli. Akauliza, ya pili au zote mbili? Nikakaa chini. Kumbe alijua tangu lile pilau. Kasema katika miaka yote ya ndoa hajawahi kuniona nikila pilau la mtu bila kulisema limepungua nini. Mwezi mzima kanyamaza, ananisubiri.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Kasema si lake la kusema.

Nilimdharau kwa trei yake ya mayai. Nasikia aibu.

Jumapili, 19 Oktoba

Woolwich. Sikulala vizuri, lakini nilikwenda. Baba Lulu kulia, Lulu kushoto, kama wananipeleka kortini.

Mchungaji akauliza nani ana shukrani. Akina mama wakageuka wote kunitazama. Mama Joyce tayari kashika mdomo kwa vigelegele. Nikasimama. Nikasema nilitangaza shukrani kabla ya leseni, mtihani haukuahirishwa, mtahini hakuugua, nilifeli, nikadanganya, nikarudia nikafeli tena. Nikasema pilau lenu nililila kwa uongo, nisameheni. Nikakaa.

Halafu nyuma kabisa mtu akacheka. Halafu kanisa zima. Kicheko cha kuniangusha, lakini si cha kunicheka. Nimevijua vyote viwili, najua tofauti.

Kwenye chai sikupata nafasi ya kunywa. Walinijia mmoja mmoja na wengine wawili wawili. Shemasi kutoka Ilford, yule mwenye suti, alipanda kingo za barabara mpaka tairi likapasuka, mtahini ndani. Mchungaji mwenyewe alifeli ule mtihani wa maswali, akarudia, akafeli, na wakati huo anahubiri habari za kukesha. Watu ambao kila Jumapili nawaona wamenyooka kama wamepigwa pasi! Kila mmoja alikuwa na aibu yake, wameziweka kabatini, na sasa wanazitoa kwa furaha kana kwamba ni nguo za sikukuu. Lulu alisimama karibu na bakuli la maandazi, mdomo wazi.

Mwisho akaja Mama Joyce. Ni muuguzi, mkubwa wa wodi sasa. Ule mtihani wa vitendo wanaowapa wauguzi wanaotoka nje, aliufeli. Uuguzi ameufanya Nakuru miaka na miaka, mikono yake inajua. Ndiyo shida. Alifanya kila kitu sawasawa na hakufungua mdomo. "Kwetu nurse akiongea-ongea akifunga kidonda, watu wanasema huyu hajui kazi," akaniambia. "Hapa wanataka uwaambie. I am washing my hands. I am checking the name. Kama mtoto wa nursery! Nilikasirika, mama. Halafu nikaanza kuongea, nikajisikia, nikagundua kuna vitu nilikuwa naruka."

Akaniambia nijaribu. Niseme kwa sauti ninachofanya barabarani, nijisikie.

Nimefika nyumbani mwepesi. Sina leseni, sina kiti, na nimelala usingizi wa mchana mzito kuliko wa mwezi wote.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimejaribu leo, kwenye kiti changu cha nyuma. Gurmit anaendesha, mimi najifanya ndiye niliyeshika usukani, nasema kwa sauti ya chini.

Wewe wa gari jekundu, tulia hapohapo. Wewe baiskeli, pita, pita upesi. Mama vuka basi, nimekuona. We kijana wa pikipiki usinichezee. Basi, ingia, nakuachia.

Nikaendelea hivyo mpaka karibu na stesheni. Bibi Pushpa alizaliwa Mwanza, Kiswahili anakijua kuliko mimi. Akanigeukia na shali yake. "Kwani mama siku hizi uko trafiki?"

Trafiki. Ndiyo. Toka tumeondoka nimewaamuru watu wote wa Hayes, na kuhusu gari langu sijasema neno hata moja. Kioo sikukitaja. Mwendo sikuutaja. Nilikuwa nasimamia barabara, sikuwa naendesha.

Nyumbani ilikuwa lazima. Njia ile haina mwenyewe, asipoipanga dereva hakuna atakayeipanga, na mwenye gari kubwa ndiye mkubwa. Sikukosea kule. Sitaki mtu aniambie nilikosea kule. Lakini hapa kazi hiyo ina wenyewe, wameshaifanya kwa taa na mistari na mabango, wamebakiza kitu kimoja tu nikifanye. Nionyeshe ninakwenda wapi, niende.

Na ile mara ya pili? Nilipoacha kuwaamuru wengine sikubaki na la kufanya, kwa sababu kumbe sikuwa nimezoea kujiamuru mwenyewe. Nikakaa pale kwenye kipilefti nangoja mtu aniamuru mimi.

Nimecheka peke yangu mpaka Bwana Ellis, mzee wa kiti cha jirani, kaniuliza kama niko sawa. Niko sawa. Hii ndiyo mara ya kwanza nimefeli na nikajua nimefeli nini.

Ijumaa, 7 Novemba

Lulu kavizia mpaka kapata. Tarehe kumi na tisa. Mimi mama wa watu, nitamnunulia nini huyu mtoto?

Nafanya mazoezi kila mahali. Kwenye basi la kwenda kazini: naangalia kioo, napunguza, nasubiri, naona nafasi, naingia. Watu wananikimbia, nakaa na viti viwili. Gurmit naye kaambukizwa. Leo kwenye ile kona ya darajani kasema kwa sauti "napunguza," na kweli akapunguza. Nikamwambia ndiyo mara ya kwanza. Akaniambia nifunge mdomo na mikanda.

Carol kawahoji watu wawili. Mmoja mzuri sana, kasema Gurmit. Haya.

Jumanne, 18 Novemba

Kesho. Baba Lulu kauliza kama nataka tuombe. Tumeomba. Kifupi. Sikumpangia Mungu.

Najiamini? Kidogo. Naogopa? Kidogo pia. Naweza kuendesha gari. Hilo halijawahi kuwa swali, ila sasa nalisema bila kupiga kelele.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua. Mtahini ni yuleyule mrefu wa kwanza asiyecheka. Nikamwambia habari za asubuhi, akaniambia nzuri, na kama ananikumbuka hakuonyesha.

Nikawa nasema kimoyomoyo. Kioo. Napunguza. Naona mtu. Nasubiri. Kipilefti kikaja. Naona nafasi, ni yangu, nikaenda. Hivyo tu. Kitu chenyewe ni kidogo kama nini.

Kwenye kuegesha kinyumenyume nikaharibu. Tairi moja juu ya mstari. Damu ikachemka, maneno yakaja mpaka kwenye meno, kwamba kioo kina ukungu, kwamba mistari yao imefutika. Nikayameza. Nikasema, narudia. Nikatoka, nikarudi, nikaweka sawa. Inaruhusiwa. Siku zote ilikuwa inaruhusiwa.

Halafu, wakati wa kurudi, pikipiki ya kupeleka chakula nyuma yangu. Inachungulia. Mbele kona, na lori linakuja. Mkono ukawaka moto wote, unaitaka ile indiketa. Sijawahi kufanya kitu kigumu kama kuuacha mkono ule mahali pake. Nilishikilia usukani na mwendo wangu uleule, nikaangalia kioo, nikapunguza kidogo kuacha nafasi mbele endapo atahitaji. Akachungulia tena. Akaliona lori mwenyewe. Akarudi nyuma.

Macho yangu yalijaa maji na ilibidi nisiyafute.

Kituoni akazima kompyuta yake ndogo akasema nimefaulu. Makosa madogo mawili matatu, hakuna kubwa. Nikasema asante. Nilitaka kumbusu. Sikumbusu. Nikaenda nje nikapiga vigelegele kwenye maegesho, mwalimu akajifanya hanijui.

Carol nimemwambia kwa simu. Kasema, basi ni wewe.

Jumapili, 23 Novemba

Shukrani imetolewa. Pilau nimepika mwenyewe. Mama Joyce kasema limepungua chumvi.

Jumatatu, 1 Desemba

Baridi. Giza hadi karibu saa mbili asubuhi, na kule nyumbani saa hiyo ingekuwa jua kali. Nimefuta vioo, nimesogeza kiti. Gurmit ana miguu mirefu.

Msaidizi mpya anaanza wiki ijayo, kwa hiyo leo Carol mwenyewe kakaa nyuma kufunga mikanda. Siku yangu ya kwanza, na bosi kwenye kioo. Bibi Pushpa peke yake ndiye kaniambia kiti kimenikaa vizuri.

Nimewachukua wote bila haraka. Kona ya darajani nimeikata inavyotakiwa. Nilikuwa naifurahia kona hiyo, nimeisubiri miezi, na katika kuifurahia nikapitiliza njia ya kuingia kituoni. Njia ambayo nimepita kila siku ya kazi. Nikaiona kwenye kioo inabaki nyuma.

Gari zima likajua. Carol akainua uso.

Barabara ile ina matengenezo, ningeweza kuisingizia. Bango lilikuwepo. Nikasema kwa sauti, ili hata Bwana Ellis asiyesikia vizuri asikie, kwamba nimekosea njia, tutachelewa kidogo.

Bwana Ellis akarudi dirishani kwake. Bibi Pushpa akajifunika shali vizuri. "Zunguka basi," akasema.

Nikaangalia kioo, nikawasha indiketa, nikazunguka.